Mbabula Chini ya Kiti

Kwenye matanga ya mume wangu, kila aliyesimama kusema alisema juu ya kiti. Mmoja alisema marehemu alikuwa wa kwanza katika mtaa wetu kukalia kiti cha Mzungu. Mwingine alisema alikikalia kwa heshima. Wa tatu, ambaye sidhani aliwahi kumwona kazini, alisema hakuna mtu aliyejua kukaa kama yeye. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka, kitambaa kichwani, na watu walidhani machozi yananitoka kwa ajili ya maneno hayo mazuri. Nilikuwa nalia kweli, sikatai. Lakini kati ya kilio kimoja na kingine nilikuwa nafikiri: mngejua kiti hicho kilikaribia kututendea nini, msingekisifu namna hiyo mbele yangu.

Nimesoma kidogo kwa masista, basi kalamu naijua. Mambo makubwa ya Katanga waliosoma wameshayaandika: nani alitangaza nchi, nani alimpiga nani, na ndege zilikuwa za nani. Mimi nitaandika jambo lililotokea katika nyumba ya vyumba viwili, na kwa sehemu kubwa linahusu suruali.

Tulioana mwaka wa uhuru. Mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, na mume wangu alikuwa planto, yaani mtu wa kupeleka barua za ofisi. Alitembea kutwa nzima. Posta, stesheni, benki, kisha posta tena kwa sababu bwana mkubwa alisahau kitu. Viatu vyake vilikwisha upesi kuliko sabuni. Jioni alikula bukari, ugali wetu, ya watu wawili, akacheka, akalala fofofo. Kisha Wabelgiji wengine wakapakia magari wakaondoka, Katanga ikaambiwa ni nchi, tukapewa bendera yenye misalaba ya shaba, na mume wangu akapewa kiti. Bendera ilikuwa ya watu wote. Kiti kilikuwa chake peke yake, kwa hiyo nyumbani kwetu tulisherehekea kiti.

Kilikuwa cha ngozi, chenye mikono, na kilizunguka. Kazi ya mume wangu sasa ilikuwa kupiga mihuri. Karatasi zililetwa na planto mpya na kuondolewa na planto huyo huyo, na hata maji ya kunywa aliletewa. Nilimuuliza siku moja kama hainuki hata kidogo. Alinitazama kwa huruma.

"Mukubwa akisimama-simama, bantu banasema ni planto," aliniambia.

Ofisi ilikuwa na lori la kuchukua makarani asubuhi na kuwarudisha jioni, kwa hiyo hata njia ya kazini aliipita akiwa amekaa. Akamwendea fundi, akashonewa suruali ya kaki iliyombana mapajani, maana makarani wote walivaa hivyo. Jumapili alikaa barazani na bia yake ili watu wamwone kuwa amepumzika. Kabla mwaka haujaisha, tumbo lilikuwa limekuja. Lilikuja kwake. Kwangu halikuja.

Msimu wa baridi mama mkwe akashuka kutoka Mitwaba juu ya lori la mihogo. Nikamkaribisha, nikapiga magoti, nikampa maji. Aliyanywa yote kwanza.

"Mwana, mimba iko wapi?"

"Bado, mama."

"Bado? Bado ni jina ya mutoto?"

Nikatibiwa. Nilikunywa mizizi ambayo nadhani hata mbuzi wa Mitwaba wanaikwepa. Kikongwe mmoja alinikanda tumbo hadi nikashindwa kusimama, akatangaza kuwa sasa njia iko wazi, na kweli nilikimbilia choo usiku kucha. Hakuna aliyemuuliza mume wangu neno. Mwanaume mwenye kiti, mwenye suruali, mwenye kitambi cha heshima, angeulizwa nini?

Lakini nisimwonee mama mkwe. Yeye ndiye wa kwanza kufikiri kwamba huenda mwanawe naye anahitaji msaada. Alikuwa mkulima tangu utoto, na aliyajua mambo ya mbegu. Kwao mahindi ya kupanda yanatundikwa jikoni, juu ya moto, yanakaa hapo yakipigwa na moshi na joto hadi mvua ije, na hayaliwi na wadudu wala hayaozi. Basi alimtazama mwanawe akitetemeka barazani kwenye upepo wa mwezi wa sita, akapata jibu.

"Baba," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita mwanawe akitaka kumbembeleza, "weye mbegu yako iko baridi. Ku Mitwaba tunaweka mbegu wapi? Juu ya moto. Mbegu yenye inalala mu baridi haioti."

"Mama, miye si muhindi."

"Ukaa."

Akakaa. Tulikuwa na kiti cha nyumbani kilichosukwa kwa kamba, chenye matundu. Mama mkwe aliwasha mbabula, jiko la makaa, nje hadi makala yawe mekundu bila moshi, akaiingiza chini ya kiti, akamfunika mwanawe blanketi kiunoni ili joto lisitoroke. Kila jioni, lori likishamshusha, alitoka kwenye kiti cha ofisi akaingia kwenye kiti cha moto.

"Unasikia?" mama mkwe alimuuliza.

"Ninasikia moto."

"Njo ile nguvu inapanda."

Akakatazwa pia kuchota maji, kupasua kuni, na kwenda kwa miguu hata hadi kwa muuza sigara, kwa kuwa nguvu ya mwanaume, tuliambiwa, inamtoka kwa nyayo. Mume wangu alikubali masharti hayo upesi kuliko nilivyotarajia. Kuni nilipasua mimi. Nguvu zangu zilikuwa na ruhusa ya kutoka popote.

Kisha mama mkwe akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Mahindi mabichi yakitoka na mimba haipo, watanirudisha kwa wazazi wangu Kambove. Huko Mitwaba msichana mwingine ameshaonwa. Aliniambia hata kuwa ana nyonga pana, kana kwamba ningefurahi kujua naacha nyumba katika mikono mizuri. Nilikuwa nampenda mume wangu, na kitambi chake pia, na katika mashamba ya pembeni ya mji watu walikuwa wanasubiri mvua za kwanza ili wapande. Sijawahi kuomba mvua ichelewe isipokuwa mwaka ule.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mtu wa Kasai, enfirmie, yaani muuguzi, katika dispanseri, rafiki wa mume wangu wa bia. Jioni moja alichungulia juu ya ua, akamwona rafiki yake amefunikwa blanketi, jasho linamtiririka usoni, na mwanga mwekundu chini ya matako.

"Kalani! Munapika nini pale?"

"Napika bajukuu," mama mkwe akajibu, bila kugeuka.

Enfirmie alicheka hadi akapotea nyuma ya ua. Aliporudi alikuwa hacheki tena. Alimsubiri mama mkwe aingie ndani, akamwambia mume wangu polepole, nami nikiwa naosha vyombo hapo hapo:

"Ndugu yangu, ile vitu Mungu aliitundika inje ya mwili juu ya nini? Angeitaka joto, angeiweka mu tumbo pamoja na maini. Inapenda baridi kidogo. Weye unaikalia muchana mu ngozi na suruali ya kubana, na mangaribi unaichoma. Uniletee mu chupa, niangalie mu mikroskopi."

"Nikuletee nini?"

Enfirmie akamweleza. Mume wangu akainuka, blanketi likaanguka, akaingia ndani bila kuaga. Kwa muda mrefu hawakunywa bia pamoja. Mimi nilikuwa nimeshakunywa mizizi, nimekandwa, nimekaguliwa ulimi na kucha, lakini yeye kuombwa chupa moja ilikuwa tusi kwa ukoo mzima.

Sijui kwa hakika ni nini kilimgeuza. Nakumbuka tu kwamba asubuhi moja alinikuta nakunja vitambaa vyangu, akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Ukifika Kambove, utaambia bazazi nini?"

"Nitasema kweli. Kama nilikunywa mizizi yote."

Alisimama mlangoni. Kisha akauliza chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iko wapi.

Enfirmie alikuwa amemwagiza aibebe kwapani, ndani ya shati, isipoe, na asichelewe njiani. Ni agizo zuri sana kwa mji wenye amani. Lakini siku zile kila kona ilikuwa na kizuizi na askari, na mtu anayetembea mkono mmoja umebana ubavuni alionekana kama mtu mwenye kitu. Yaliyotokea alinisimulia mwenyewe.

"Iko nini mu kwapa? Ni grenadi?"

"Hapana, shefu."

"Ni nini basi?"

"Ni batoto bangu."

Askari walimzunguka. Wakaichukua chupa, wakaiinua juani, wakaitikisa. Mmoja alifungua akanusa, akaifunga haraka. Wakamweka juani hadi mkubwa wao amalize kula, na mkubwa alipokuja, aliitazama chupa, akamtazama mume wangu, kitambi na suruali na vyote, akasema, "Mwache apite. Huyu vita imeshamupiga." Ilipofika dispanseri, enfirmie aliangalia, akasema kusubiri kumewaua wote, arudi na nyingine. Mume wangu, aliyekataa chupa ya kwanza majira mazima, alileta ya pili wiki ile ile, akizunguka kwa njia ya nyuma. Enfirmie akaitazama, akamwambia waongee kesho nyumbani, kwa utulivu.

Kesho hiyo nyumba ya enfirmie ilikuwa tupu. Watu wa Kasai walikuwa wameanza kufukuzwa mitaani, wengine wamepigwa, wengine nyumba zao zimechomwa, na yeye alikuwa amewachukua mkewe na watoto hadi kambi ya wakimbizi iliyoota pembeni ya mji. Majirani walisema wamesikitika. Kisha mlango wake ukachukuliwa, na madirisha, na baada ya siku chache mabati. Ua aliokuwa akichungulia juu yake ulikwenda jikoni kwa mtu.

Kwa hiyo mume wangu, ili kupata jibu lake, ilimbidi aende kambini. Lori la ofisi halikutembea tena, kwa kuwa risasi zilikuwa zimeanza mjini na ofisi imefungwa. Kiti cha ngozi kilikuwa kinazunguka peke yake huko kama kilikuwa na hamu. Baiskeli aliyoazima ilinyang'anywa kwenye kizuizi. Alikwenda kwa miguu, na mfuko wa unga kichwani, maana huwezi kumwendea mtu aliyepoteza nyumba ukamuuliza mambo yako mikono mitupu.

Alimkuta enfirmie katika kibanda cha mabati na magunia, amekaa juu ya ndoo, anafunga kidonda cha mtu. Alisubiri amalize.

"Nilikuona mu mikroskopi," enfirmie alimwambia. "Si mingi. Na ile iko, haitembei. Iko kama weye, kalani. Inakaa."

Mume wangu aliponisimulia hapo alicheka, lakini macho yake hayakucheka, na mimi sikujua nicheke na kipi.

Enfirmie alimwambia aache mbabula tangu siku hiyo. Aache suruali ile, avae kaptura pana. Apunguze bia, ashushe tumbo. Atembee, afanye kazi ya mikono, atoke jasho la kawaida, lakini asijiue kwa kazi akidhani zaidi ni bora, wala asihamie kwenye kiti cha baiskeli kutwa, hicho nacho ni kiti. Na asirudi kesho kuuliza matunda, kwa sababu mwili unahitaji karibu miezi mitatu kutengeneza mbegu mpya. Mume wangu akamuuliza kama akifanya yote hayo mtoto atakuja.

"Sijui," enfirmie akasema. "Kuna benye banakaa kutwa na banazala kumi. Kuna benye banatembea na habazale. Miye nakwambia tu, ile umefanya mupaka sasa haikusaidie."

Mfuko wa unga ulidumu siku chache, na watoto wa enfirmie walikuwa wengi, kwa hiyo mume wangu alirudi na mwingine, kisha mwingine. Ndiyo mazoezi yake yalivyoanza. Siku hizi vijana wanakimbia alfajiri barabarani wakiwa na viatu vyeupe. Yeye alitembea na unga wa mihogo kichwani, akiinama risasi zikilia, akijificha kwenye mfereji ndege zikipita. Enfirmie hakuwa ametaja mfereji, lakini nadhani nao ulisaidia kiuno. Suruali ya kaki ikaanza kumlegea, nikaikata ikawa kaptura. Siku zisizo na risasi alikwenda kulima kwa baba yake mdogo, kule nje ambako sasa wanaita Annexe. Mama mkwe, ambaye njia ya Mitwaba ilikuwa imemfungia na hakuweza kurudi, alilalamika kwamba mwanawe anamwaga nguvu barabarani.

"Na mbabula?" aliuliza kila jioni.

"Makala hakuna, mama."

Hilo lilikuwa kweli. Wachoma makala hawakuthubutu kuingia mjini. Nimesikia watu wakitaja maovu ya vita ile, na sina ubishi na hata moja. Naongeza tu kwamba upande wetu ilizima moto mmoja uliostahili kuzimwa.

Niseme sasa, msomaji asisubiri bure: mtoto alikuja. Msichana, mmoja tu, hatukupata mwingine. Kama ni miguu iliyomleta, au kaptura, au Mungu tu, sijui, na enfirmie hakuwahi kutuahidi. Alikuwa ameshapandishwa treni na watu wake kurudi Kasai kabla tumbo langu halijaonekana, na hatukumsikia tena. Mama mkwe yeye alijua. Aliueleza mtaa mzima kwamba ni mbabula, ila joto lilichelewa kufika ndani, na amani iliporudi na makala nayo yakarudi, nilihesabu wanaume zaidi ya mmoja mtaani kwetu wakiwa wamefunikwa blanketi. Watu wema. Hawakuwa wameombwa chupa.

Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Siku ninayotaka kuiandika hatukuwa na kitu tumboni wala dalili yake.

Mahindi mabichi yalikuwa yametoka. Baba mdogo aliingia asubuhi akiwa na kikapu kilichojaa, akakiweka katikati ya chumba kama ushahidi. Mama mkwe alikaa upande wake. Mimi nilikaa karibu na mlango, na fundo langu la nguo na vyombo lilikuwa tayari, nimelifunga mwenyewe alfajiri ili wasipate nafasi ya kunifungia. Mume wangu alikuwa amesimama.

Baba mdogo alisafisha koo.

"Mahindi iko. Tulipatana. Mutoto wa bantu hatuna ubaya naye, ni muzuri, anapika vizuri. Lakini shamba isiyozaa—"

"Ni miye," mume wangu alisema.

"Weye nini?"

"Shamba sijui. Mbegu njo mubaya. Munganga aliangalia mu mikroskopi. Ni kidogo, na inalala."

Nilimtazama mama mkwe. Sijaona uso wa mtu ukikosa pa kwenda namna ile.

"Usiseme vile mbele ya bantu," baba mdogo alisema kwa sauti ya chini.

"Mweye munamusema bibi yangu mbele ya bantu tangu wakati ya baridi. Miye nasema mara moja tu."

"Ule Mukasai alikuloga!" mama mkwe akapata sauti. "Mutoto yangu ni kalani! Ana kiti!"

"Njo kile kiti, mama."

Nje mtu alikuwa anatwanga. Mama mkwe alimgeukia shemeji yake, kisha akanigeukia mimi, kisha kikapu, na aliposema tena ilikuwa kama anauliza kweli, kwa kuwa alikuwa ameshawapa watu ahadi:

"Sasa nitarudisha nani?"

"Unirudishe miye," mume wangu alisema. "Lakini ku miguu. Munganga alikataza kukaa."

Baba mdogo ndiye aliyecheka wa kwanza. Alijaribu kuzuia, akaziba mdomo kwa kofia, mabega yakamtikisika. Mume wangu hakucheka. Alikuwa amesimama wima, mikono imemlegea, mtu aliyekwisha kusema neno ambalo wanaume wa mtaa wetu wangekufa kabla ya kulisema, na alilisema bila kujua kama litampa mtoto, au litampa jina baya tu. Ndiye huyo ninayemlilia. Wa kiti sikumfahamu sana.

Mama mkwe alikivuta kikapu karibu na miguu yake. Alichukua hindi la kwanza, akaanza kulimenya, jani kwa jani, akichukua muda mrefu. La pili. La tatu. Hakuniangalia.

"Weka maji ku moto," alisema.

Sufuria ilikuwa ndani ya fundo langu. Ikabidi nilifungue.